Kwa miguu mupaka kwa Mutakatifu Yakobo: muzigo mudogo, maneno machache



Hapa kwetu kutembea si kitu cha kufundishwa. Wamama wanatoka na vikapu mbele ya jua kupanda, watoto wanapita kilometa nyingi kwa kufika ku masomo, na baba wengi walijua njia ya kambi mupaka ku shimo la kazi hata macho yakifungwa. Lakini kutembea mwezi muzima mu inchi ya wageni, na muzigo ku mugongo, bila kujua lugha yao, ni jambo lingine.

Mwezi huu tunazungumuza juu ya hija ya Santiago de Compostela, mu Hispania, fasi kanisa linaheshimu kaburi la Mutakatifu Yakobo Mutume. Ni moja ya hija kubwa za Ulaya, na watu wanaenda kule kwa miguu zaidi ya miaka 1,000. Tunaandika kwa sababu mwaka 2027 utakuwa Mwaka Mutakatifu kule. Ni hivi kila mara sikukuu ya Yakobo, tarehe 25 ya mwezi wa saba, inaangukia siku ya Mungu. Familia zenye mutoto ku Ubelgiji ao Ufaransa, na mapadri na masista wenye kusoma kule, wanaweza kupata nafasi ya kuenda. Ni vizuri kujua mapema mambo yenye kusaidia kweli.

NJIA YENYEWE

Njia ni nyingi. Yenye kujulikana zaidi inaitwa Camino Francés, ni kusema Njia ya Wafransa. Inaanza ku Saint-Jean-Pied-de-Port, muji mudogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pirene. Inapita Roncesvalles, Pamplona, Burgos, León, na mwisho Santiago. Ni karibu kilometa 780. Fikiri mutu anatoka Lubumbashi kwa miguu, anafika Kolwezi, anarudi Lubumbashi, halafu anashika tena njia ya Likasi na kuipita. Watu wengi wanaimaliza kwa siku 30 mupaka 35.

Si lazima kufanya yote. Wengi wanaanzia ku Sarria, kilometa karibu 115 mbele ya Santiago. Ile ni karibu sawa na Lubumbashi na Likasi. Wanaimaliza kwa siku tano ao sita.

Kila muhujaji anabeba kitabu kidogo chenye kuitwa credencial. Fasi unalala, kanisani, hata mu kahawa ya kando ya njia, wanakupigia muhuri. Ukifika Santiago, ofisi ya wahujaji inaangalia mihuri. Kama ulitembea walau kilometa 100 kwa miguu, ao 200 kwa baiskeli, wanakupa baruwa ya Kilatini yenye kuitwa Compostela. Haiuzishwe. Ujue tu kwamba wanaomba mihuri miwili kila siku, na mutu anayesahau muhuri anaweza kukosa baruwa yake kisha kuteseka bure.

Njia haipotezi mutu kwa urahisi, juu ya mishale ya rangi ya manjano ku miti, ku mawe na ku kuta za nyumba. Ile mishale ni kazi ya padri mumoja wa parokia ya mulimani, Elías Valiña, wa O Cebreiro. Mwaka 1984 alichukua rangi na kuanza kupaka njia yote, kwa sababu wahujaji walikuwa wachache na njia ilikuwa inasahauliwa. Mwaka 1985 wenye kupata Compostela hawakufika hata 1,000. Padri Valiña alikufa mwaka 1989. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 490,000. Padri wa kijiji na kopo la rangi!

MBELE YA KUTOKA: FEZA NA KARATASI

Tuseme wazi. Kulala na kula ku njia kunaomba karibu euro 30 mupaka 40 kwa siku. Kwa siku 35 ni zaidi ya euro 1,000, na tikiti ya ndege haijaingia. Kama ile feza ni minerval ya watoto, ao ni dawa za muzee, ubaki nyumbani. Hakuna mutakatifu anayefurahi wakati mutoto anafukuzwa ku masomo kwa sababu baba yake anahiji.

Mwenye kutoka Congo anahitaji viza ya Schengen. Bei yake kwa mutu mukubwa ni euro 90 tangu mwezi wa sita wa mwaka 2024. Karatasi zinapokelewa miezi sita mbele ya safari, na siku 15 njo mwisho. Usingoje ule mwisho. Utaombwa asiransi ya ugonjwa ya walau euro 30,000. Omba baruwa kwa padri wa parokia yako, inasaidia kuonyesha nia ya safari. Lakini credencial si viza, na baruwa ya padri si viza.

Hapa kuna neno la kuambiana kama wandugu. Mutu anayechukua jina la hija kusudi apotelee Ulaya, anafungia mulango wote watakaoomba nyuma yake, na anamupatisha haya padri aliyeandika ile baruwa. Kama nia yako ni kutafuta kazi, iite kutafuta kazi, na uiombee karatasi zake. Hija ina kwenda na ina kurudi.

Mwenye kuikala tayari Ulaya na karatasi za kweli hana lazima ya viza, lakini atembee nazo siku zote, mu mufuko wa plastiki, kwa sababu mvua ya Galicia haina huruma.

MWILI NA MUZIGO

Siku ya kwanza njo ngumu kuliko zote. Saint-Jean iko metri karibu 170 tu juu ya bahari. Njia inapanda mupaka metri zaidi ya 1,400 mbele ya kushuka Roncesvalles. Yote mu siku moja, kilometa karibu 25. Mutu aliyefanya miaka mingi mu vumbi ya shimo ao ku fuku za kuyeyusha shaba, asidanganyike na nguvu za mikono yake. Aende kwanza kwa munganga, apige radio ya kifua. Kama pumzi ni fupi, aanzie Sarria. Baruwa ni ile ile.

Ile njia ya juu inafungwa tangu tarehe 1 ya mwezi wa 11 mupaka tarehe 31 ya mwezi wa tatu, juu ya teluji. Wakati ule watu wanapita chini, njia ya Valcarlos. Na mukumbuke, majira yao ni kinyume na yetu. Mwezi wa sita na wa saba, wakati hapa Katanga tunatafuta blanketi, kule ni joto kali. Mwezi wa tano na mwezi wa kenda njo mizuri zaidi.

Mashauri haya yanasaidia:

1. Muzigo usipite sehemu moja ya kumi ya kilo zako. Mwenye kilo 70 abebe kilo 7, maji ndani. Nguo zenye kutosha ni mbili: moja ku mwili, moja yenye kuanikwa.

2. Viatu visiwe vipya. Uvitembelee kwetu miezi miwili mbele ya safari. Bottines za kazi zenye chuma mbele ni nzuri kwa kulinda vidole chini ya mawe, lakini ku njia ndefu ni azabu. Chukua namba moja kubwa kuliko yako, kwa sababu miguu inavimba.

3. Soseti za pamba zinashika jasho na kutoa malengelenge. Tafuta za sufu ao za nailo. Paka vaselini ku vidole asubui, na ubadilishe soseti saa sita. Lengelenge likitoka, usitoe ngozi ya juu: lisafishe, ulifunike, uendelee polepole.

4. Ujizoeze. Weka kilo tano za bunga mu mufuko wa mugongo na utembee kutoka Katuba mupaka Ruashi na kurudi, mara mbili kwa juma. Bibi atacheka, watoto watacheka. Nyuma ya mwezi mumoja utajua kama magoti yako yanakubali.

5. Maji ya bomba ku njia: soma kibao. «Agua potable» ni maji ya kunywa. «Agua no potable» si ya kunywa. Ile «no» ndogo inaweza kukulalisha siku tatu.

6. Zamani za sasa wahujaji wengi wanaleta kijiwe kutoka kwao na kukiacha chini ya Cruz de Ferro, musalaba wa chuma ku mulima, karibu metri 1,500 juu. Mutu wa kwetu anaweza kuleta kijiwe cha kijani cha malakiti. Lakini kiwe kama kidole, kisiwe kama ngumi! Utakibeba zaidi ya kilometa 500.

KULALA NA KULA

Wahujaji wanalala mu nyumba zenye kuitwa albergue (soma: alberge, «g» ya gari). Ni vitanda vya juu na chini, watu 20 ao 60 mu chumba kimoja. Ku zile za serikali ya Galicia, kitanda ni karibu euro 10. Zile zenye kuandikwa «donativo», unatia mu sanduku kadiri unaweza. Wengine wanafikiri donativo ni bule. Hapana. Unachoweka leo njo chakula cha mwenye kufika kesho.

Desturi yao ni hii: kwa kawaida usiku mumoja tu, taa zinazimwa saa nne za usiku, asubui saa mbili wote wametoka. Viatu vinabaki ku mulango. Mu zile za watu wote hawawekee mutu kitanda. Anayefika kwanza njo anapata. Kwa hiyo watu wanaanza kutembea saa kumi na mbili ya asubui.

Mu vijiji vingi maduka yanafungwa tangu saa nane mupaka karibu saa kumi na moja, na siku ya Mungu yanaweza kufungwa muchana kutwa. Chakula cha muchana ni saa nane, cha usiku ni saa tatu. Mwenye kuzoea bukari ya saa sita atateseka juma la kwanza. Abebe mukate na jibini.

LUGHA: KINYWA CHA MUSWAHILI KIKO TAYARI

Wengi wanafikiri Kifransa kitatosha. Kinatosha ku Saint-Jean. Ukivuka mulima, mu vijiji ni Kihispania. Ku Navarra utaona vibao vya Kibaski vilevile, na ku Galicia watu wana lugha yao, Kigalego. Lakini Kihispania kinasikiwa fasi zote.

Habari njema ni hii: mwenye kusema Kiswahili amekwisha kushinda nusu ya kazi. Vokali za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinasomwa sawa na zetu. Hakuna zile sauti za pua za Kifransa. Hata uzito wa neno unaangukia karibu na mwisho kama kwetu: tunasema ma-SO-mo, wao wanasema ca-MI-no. Wakitaka kuuweka pengine, mara nyingi wanaandika alama juu ya vokali. «Ch» ni ile ya chakula. «Ñ» ni ny ya nyama. «Ll» inasikilika kama y ya yai. «Qu» ni k. «H» haisomwe kabisa. «V» inasomwa b. «J» inatoka ku koo, kama mutu anayesafisha vumbi. «Z», na «c» mbele ya e na i, kule wanaisoma na ulimi kati ya meno. Wewe sema s, watakusikia vizuri.

Tena kuna maneno yenye ni ndugu. Bendera ni «bandera», meza ni «mesa». Yetu yalitoka kwa Wareno, majirani wao. Sukari ni «azúcar», zaituni ni «aceituna». Hapo sisi na wao tuliomba kwa Waarabu.

Lakini mwenye kusoma Kifransa ajilinde na mitego. «Nombre» si hesabu, ni jina. Ku albergue wakikuuliza «nombre», usiseme 25. «Largo» ni ndefu, si pana. «Salir» ni kutoka, si kuchafua. «Subir» ni kupanda, ijapokuwa magoti yatasema ni kuteseka. «Gato» ni paka, usimuombe na kahawa. Na wewe mama, ukiona haya usiseme «embarazada», watakimbia kukutafutia kiti, maana ni kusema uko na mimba.

Andika haya ku karatasi moja, uibebe mu mufuko wa shati:

Buenos días (buenos días): jambo, ya asubui
Por favor (por fabor): tafazali
Gracias (grasias): aksanti
¿Hay camas? (ay kamas): kunabaki vitanda?
Un sello, por favor (un seyo): muhuri, tafazali
¿Cuánto cuesta? (kwanto kwesta): bei gani?
¿Dónde está el camino? (donde esta el kamino): njia iko wapi?
Estoy perdido, mwanamuke: perdida: nimepotea
Todo recto (todo rekto): mbele moja kwa moja
A la izquierda (iskierda): kushoto
A la derecha: kuume
Más despacio (mas despasio): sema polepole
Me duele aquí (me dwele aki): naumwa hapa
Ampolla (ampoya): lengelenge
Necesito un médico (nesesito un mediko): nahitaji munganga
¡Ayuda! (ayuda): saidia!

Namba ya hatari ni 112, fasi zote za Hispania, na kuita ni bule. Mwanamuke anayetembea peke yake aifunge mu kichwa, na aambie wenzake wa albergue anaenda kulala wapi kesho.

Ukiuliza kama kijiji kiko mbali, watakujibu «cerca», karibu. Lakini «karibu» ya mwenyeji wa kule ni kama «pale tu» ya wazee wetu wa kijiji: unaweza kutembea saa mbili. Uliza «¿cuántos kilómetros?» na umuombe aonyeshe na vidole.

Na kila mutu atakayekupita atakuambia «Buen camino», njia njema. Umurudishie vilevile. Hata kama haujui neno lingine, lile litakupatia rafiki.

KWA NINI MANENO NI YA LAZIMA

Mambo haya si mapya. Mu karne ya 12 kuliandikwa kitabu cha kuongoza wahujaji wa Santiago, ndani ya kile chenye kuitwa Codex Calixtinus. Mwandishi wake alionyesha mito yenye maji mabaya na fasi watu wanadanganya wageni. Na ndani ya kile kitabu aliweka maneno machache ya Kibaski: Mungu, mukate, divai, nyama, samaki, nyumba, maji. Wenye elimu wanasema ile orodha ni moja ya maandiko ya zamani sana ya lugha ile. Angalieni alichochagua. Hakuchagua maneno ya kubishana wala ya kujisifu. Alichagua maneno ya mutu mwenye njaa anayesimama ku mulango wa mutu mwingine.

Hapo njo kuna funzo kubwa. Ku kazi, ku muji, kila mutu ana cheo: huyu ni kapita, huyu ni injenia, huyu ni creuseur, huyu ni bibi ya mukubwa. Ku njia ya Santiago wote wanalala ku vitanda sawasawa, wanafua soseti mu beseni moja, na wote wanaomba. Mwenye kuona haya ya kuomba anapotea, ao anajificha na mguu wenye kuoza mupaka wanamurudisha kwa gari. Mwenye kujua kusema «por favor» na «gracias» anafika. Muzigo mukubwa unavunja mugongo. Maneno hayana kilo, yabebe mengi kadiri unaweza.

Na sisi tunaobaki? Tuna wageni wetu. Wako wenye kutoka Kasai, wenye kutoka Kivu na vita nyuma yao, wenye kushuka kamioni usiku bila kujua nani atawafungulia. Hawana credencial, hakuna anayewapigia muhuri. Lakini wanauliza maneno yale yale: maji iko wapi, kunabaki kitanda, njia ni gani. Padri Valiña alipaka mishale kwa watu asiowajua, na wengi walipita kisha yeye kufa.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Kama mutu wa familia yetu angeenda hija mbali, nani angesaidia watoto wakati hayuko? Tumekwisha kusema naye?
2. Mugeni akifika mu avenue yetu bila kujua Kiswahili, neno gani la lugha yake tunaweza kujifunza kwanza?
3. Kila mutu apime: ni kitu gani anabeba kila siku chenye hakimusaidie?

Kwa wote watakaotembea mwaka 2027, na kwa wote watakaobaki kulinda nyumba: buen camino, njia njema.